NILIMLAZIMISHA MUME WANGU AUZE BITCOIN

"Haidari... hii alama ya kutoa mbele ya pesa zetu, maana yake nini?"

Mume wangu ndiyo kwanza ametoka kuoga. Taulo shingoni, maji yanamchuruzika. Akaiona simu yake mkononi mwangu, akasimama palepale mlangoni pa jiko.

Nikamgeuzia kioo.

"Nakuuliza! Kutoa asilimia arobaini na sita. Zimekwenda wapi?"

"Nunu, naomba simu yangu."

"Hupewi!"

Wallahi nilikuwa natafuta namba ya fundi tu. Nyumba imeamka baridi, boiler ya kupasha nyumba joto imegoma, na namba ya fundi ipo kwenye simu ya Haidari. Ndiyo ujumbe ukaingia juu ya kioo. Nikaugusa. Ikafunguka app siijui, ina mstari mwekundu unaoteremka kama ngazi ya kuingilia kaburini.

Juu yake imeandikwa: uliweka pauni elfu sita.

Chini yake: sasa ni elfu tatu na mia mbili na kitu.

Nilikaa kitako kwenye kiti. 

Ngoja niwaeleze hizo pesa zilikuwa za nini, ndugu zangu mnaonisoma, maana bila hivyo mtaniona mwanamke wa kelele tu.

Sisi ni watu wa Unguja. Nilikuja Birmingham mwaka 2021 kwa viza ya kuhudumia wazee. Haidari na binti yetu Iman wakaja kwa mgongo wangu. Viza yenyewe imenifunga kwa mwajiri mmoja. Akikasirika yeye, sisi watatu tuko njiani kurudi.

Ukitimiza miaka mitano unaruhusiwa kuomba makaratasi ya kukaa moja kwa moja. Ada yake ni zaidi ya pauni elfu tatu. Kwa kila kichwa! Na sisi ni vichwa vitatu.

Basi tulidunduliza. Miaka mitano nimevaa koti moja. Miaka mitano nimeosha wazee Castle Vale, nimewageuza, nimewalisha, nikarudi Saltley tunakoishi na basi mbili mgongo umekufa ganzi. Haidari naye kiwandani, anapakia vyuma mpaka vidole havikunjiki. Tulifika elfu kumi na moja.

Maombi yalikuwa ya mwezi wa nne. Siku ile niliyoishika simu ilikuwa mwezi wa pili.

Sasa niambieni, mngenyamaza?

"Umeziiba pesa za makaratasi, Haidari! Umecheza kamari na maisha ya mtoto!"

"Si kamari. Nisikilize basi..."

"Bitcoin si kamari?"

"Nunu, sikununua kwa wahuni wa mtandaoni. Huu ni mfuko uko kwenye soko la hisa la London. Wengi wanauita ETF ya bitcoin, ingawa hapa jina lake la kisheria ni jingine kidogo. Kampuni ndiyo inayohifadhi hizo bitcoin, mimi nina kipande changu tu. Bitcoin ikipanda na mimi napanda, ikishuka nashuka. Mwezi wa kumi serikali imeruhusu watu wa kawaida kama sisi kununua. Nimenunua kwa wakala mwenye leseni."

"Na leseni yake imekurudishia nini?"

Akakaa. Akajifuta uso na lile taulo.

"Imeshuka, Nunu. Haijaibiwa. Imeshuka."

Iman alikuwa mezani na bakuli lake. Miaka kumi na minne, Kiswahili anakisikia chote lakini majibu yake ni ya hukuhuku.

"Mum, he's right. It's down, it's not gone."

"Wewe kula!"

Nikamgeukia baba yake.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia ungekataa."

"Kwa hiyo ukaona bora ufanye kwa kificho?"

Akainamisha kichwa. Alisema alitaka ziongezeke kidogo tu. Ada hupanda kila mwaka. Alitaka mwaka huu nipunguze zamu, magoti yangu yapumzike.

Magoti yangu! Nilicheka kicheko kibaya sana siku ile.

Nawaambia ukweli, sikulia. Nilichoka. Kuna kuchoka kwa mwili, ukilala kunapungua. Na kuna kuchoka kwa kugundua kwamba mtu uliyekuwa unabeba naye mzigo, alikuwa ameshautua upande wake bila kukwambia.

Kesho yake nikiwa kwenye basi, nikafanya ujinga wangu wa kwanza.

Kuna kundi la akina mama wa Afrika Mashariki tulioko huku, mamia ya watu. Nikaandika: "Dada zangu, mume wangu amezitia pesa za makaratasi kwenye bitcoin, zimeshuka nusu. Nifanye nini?"

Jamani, majibu! Mmoja anasema mwache. Mwingine anasema swali istikhara, Mungu akuonyeshe njia. Mwingine ananiuzia mafuta ya nywele.

Halafu faragha ukaingia ujumbe. Namba siijui.

"Pole sana dada. Hata mimi yalinikuta. Msikilize huyu ndugu yangu Shurie wa Coventry, pesa zake zilirudi zote."

Chini yake kulikuwa na sauti. Nikaweka simu sikioni.

Mwanamke wa Kisomali, Kiswahili chake cha Nairobi. Analia, lakini ni kilio cha furaha. "Wamenirudishia... aki Mungu awabariki. Nilikuwa nimekata tamaa kabisa." Nyuma yake kitoto kichanga kinalia, na yeye anakibembeleza huku anazungumza.

Nikaisikiliza mara tatu. Nikajisemea moyoni, hii haiwezi kuwa uongo. Nani atamkodi mtoto alie?

Nikaomba namba ya hao watu.

Aliyepokea alijiita Daud. Sauti ya upole, Kiswahili kimenyooka, kila neno "dada yangu" na "inshallah". Akasema ofisi yao inawafuatilia matapeli wa bitcoin na kuwarudishia watu haki zao.

"Dada yangu, mumeo ameweka kwenye nini?"

Nikamtajia jina la ule mfuko.

Akavuta pumzi ndefu.

"Dada... huo ni feki. Mnaambiwa bei imeshuka, kumbe ndiyo wanavyochota kidogo kidogo. Mwezi ujao mtakuta sifuri."

Unaona? Haidari aliniambia zimeshuka, sikumwamini. Mtu nisiyemjua hata sura ameniambia zinaibiwa, nikamwamini papo hapo. Kwa sababu gani? Kwa sababu alisema nilichokuwa nimeshakiamua!

Daud akaniambia nijaribu kwanza. Nitume pauni mia, nione. Nikatuma. Kesho yake zikarudi mia na sitini.

"Hiyo ziada ndiyo tuliyoanza kuichomoa kwao," akasema.

Akaniomba jambo dogo. Nimrekodie sauti ya shukrani, kwa ajili ya kumbukumbu za ofisi tu.

Nikarekodi. Nilikuwa kwenye chumba cha kubadilishia nguo kazini, bado nina sare. Nikasema: "Mimi naitwa Nunu, niko Birmingham. Wamenirudishia pesa yangu na ziada juu. Allah awalipe kheri."

Nikatuma. Nikaendelea na zamu.

Jioni nilipofika nyumbani sikuvua hata viatu.

"Haidari, uza."

"Nunu, tukiuza leo ndiyo hasara inakuwa hasara kweli. Tuchukue zile elfu tano zilizobaki, tuombe makaratasi yako wewe peke yako kwanza..."

"Uza, au unipe talaka yangu!"

Sijawahi kulitamka neno hilo katika miaka kumi na sita ya ndoa. Lilivyotoka, hata mimi lilinishitua. Iman akashuka ngazi, akasimama katikati, akapanda tena bila kusema kitu.

 Haidari akachukua simu, akabonyeza mara tatu au nne, akaiweka mezani kifudifudi.

"Nimeuza."

Akavaa koti akatoka. Akarudi na mkate na maziwa kutoka Alum Rock Road kama vile hakuna lililotokea. Lakini alikuwa amezeeka.

Pesa zikaingia kwenye akaunti yetu ya pamoja baada ya siku mbili tatu. Daud alikuwa ananisubiri kama mtu anayesubiri futari.

"Dada yangu, sasa sikiliza. Mlango zilikotokea ndio tutakaozirudishia. Fungua akaunti ya sarafu za mtandaoni kwa jina lako mwenyewe, uzibadilishe ziwe bitcoin, halafu uzitume kwenye anuani nitakayokupa. Hapo mfumo wetu utazivuta na zile zilizopotea."

Mimi niliyemwita mume wangu mcheza kamari... nikanunua bitcoin kwa mkono wangu!

Tena ya Haidari ilikuwa sokoni, ina wakala, ina karatasi, ina pa kulalamikia. Yangu ilikuwa inakwenda kwa herufi na tarakimu zisizo na uso.

Benki ikapiga simu. Kijana mmoja, lafudhi ya Brummie, mzaliwa wa Birmingham kabisa, akaniuliza kwa adabu:

"Je, kuna mtu anayekuelekeza kufanya malipo haya?"

"Hapana."

"Kuna mtu amekwambia utudanganye?"

Daud alikuwa ameniandaa. Aliniambia benki nao wanakula na matapeli, hawataki pesa itoke.

"Hapana," nikasema. "Ni uwekezaji wangu mwenyewe."

"Are you sure, love?"

Lile "love" lake, neno la upole tu la watu wa huku, nusura linivunje. Alikuwa ananisihi. Nilisikia kabisa kwamba ananisihi.

"Nina hakika."

Mimi, mwenye kuswali sala tano, nikaongopa kwa ufasaha kuliko mwanasheria.

Zikaenda elfu tatu na mia mbili. Siku mbili baadaye Daud akasema zimekwama, inatakiwa ada ya kufungulia, elfu moja na mia tano. Nikatoa kwenye zile zilizobaki. Zikaenda.

Halafu?

Halafu hakuna. Simu haiiti. Picha yake imetoweka. Ujumbe unabaki na tiki moja.

Nikapiga mara ishirini nikiwa chooni kazini, mfuniko umefungwa, nimekaa juu yake. Mara ya ishirini na moja nikaacha. Kulikuwa na mzee anasubiri kuogeshwa.

Nikamwogesha. Ningefanyaje?

Sasa oneni binadamu alivyo. Mimi niliyempigia Haidari kelele kwa kunificha, nilimficha siku kumi nzima! Nikila naye, nikimpakulia, nikimuuliza habari za kiwandani. Na kila nilipomwona akifungua benki kwenye simu yake, nilimwita aje anishikie kitu.

Siku ya kumi na moja ilikuwa Alhamisi, wakati wa mapumziko ya mchana. Mulki akaja kukaa mbele yangu.

Mulki ni mwenzangu kazini, Msomali aliyekulia Mombasa. Tunashika zamu pamoja, kumnyanyua mzee mzito tunashikana mikono. Siku ile hakuweka chakula mezani. Macho yamemvimba.

"Nunu, na wewe umeninyamazia tu?"

"Nimenyamaza nini?"

"Zako zilirudi. Zangu mbona hazirudi?"

Nikaweka kijiko chini.

"Mulki... zako zipi?"

"Mimi nilikuwa nimeliwa mwaka jana na ile app ya uongo. Niliona aibu, sikuambia mtu. Wiki iliyopita nikatumiwa namba ya watu wa kurudisha. Nikasema hawa pia ni wezi. Lakini nikasikia sauti yako."

"Sauti yangu?"

Akabonyeza simu yake, akaiweka katikati ya meza.

"Mimi naitwa Nunu, niko Birmingham. Wamenirudishia pesa yangu na ziada juu..."

Nilijisikia mwenyewe. Nyuma yangu kuna mlango wa kabati la chuma la pale pale kazini unagongwa.

"Nikasema Nunu ninamjua," Mulki akaendelea. "Nunu ananishika mkono kila siku. Hawezi kunidanganya. Nikatuma elfu mbili. Ilikuwa ya operesheni ya macho ya mama."

 Nilitaka kumwambia hata mimi nimeibiwa. Nikamwambia. Lakini mnajua linavyosikika neno hilo kinywani mwa mtu ambaye sauti yake ndiyo chambo?

Mulki hakunitukana. Ingekuwa afadhali. Alichukua simu yake, akaenda kuvaa glavu.

Siku ile sikusubiri. Haidari alipoingia tu, kabla hajavua koti, nikamwambia yote. Sababu ya talaka niliyoidai, benki niliyoiongopea, Daud, ada ya kufungulia, Mulki. Yote! Nilitegemea anipige kofi, au aondoke. Nilishajiandaa kwa vyote viwili.

Alikaa kwenye ngazi. Akavua kiatu kimoja, kingine akakisahau mguuni.

"Zimebaki ngapi?"

"Elfu tatu na mia tano."

Akatikisa kichwa polepole.

"Mie ndiye niliyeanza kuficha, Nunu. Ungekuwa unajua tangu mwanzo, usingetafuta mtu wa nje wa kukueleza."

"Usinisamehe haraka hivyo, Haidari. Inaniuma zaidi."

"Sijakusamehe. Nimechoka tu."

Ndiyo maneno ya kweli kuliko yote tuliyowahi kuambiana.

Tukaripoti polisi, tukapewa namba ya kesi. Benki ikatueleza kwa barua ndefu: pesa ilikwenda kwenye akaunti yenye jina langu, nikaitoa mwenyewe, na walinionya, nikakana. Hawarudishi. Sina cha kuwalaumu.

Mwezi wa nne haukusubiri. Hatukuomba makaratasi ya kukaa. Tumeongeza muda wa viza tu, ambayo ni nafuu, na nimefungwa tena kwa mwajiri yuleyule. Zamu zilezile, basi zilezile. Haidari sasa hupanga matumizi na mimi mezani kila Jumapili, simu zote mbili wazi, na Iman ndiye msomaji.

Ule mfuko wa bitcoin? Sijui umefika wapi. Huenda umepanda, huenda umeshuka zaidi. Sisemi ulikuwa salama, haukuwa! Mtu asije akanisoma hapa akakimbilia kuununua.

Mulki nilimwandikia, hakujibu. Nikampa mia mbili, akanirudishia mkononi. "Si wewe," akasema. Ila kumnyanyua mzee sasa anamwita mwenzetu mwingine.

Ndipo nikafanya jambo moja. Nikarudi kwenye lile kundi la akina mama, nikarekodi sauti ya pili. Nikasema jina langu, nikasema wapi nilipo, nikasema ile ya kwanza niliirekodi kweli lakini yaliyomo si kweli. Nikataja kila kosa langu.

Baada ya saa moja mtu akanipigia. Mwanamke. Nyuma yake mtoto mchanga analia.

 Nilimjua kabla hajajitaja!

"Dada Nunu? Mimi ni Shurie. Wa Coventry."

"Wewe..." Hasira zote za miezi ile zikanipanda. "Wewe ndiye uliyenimaliza!"

"Ngoja, tafadhali. Nilirekodi waliponirudishia mia ya kwanza. Siku iliyofuata wakachukua elfu tisa. Sikujua kama sauti yangu inazunguka. Mpaka nimekusikia wewe leo."

Akalia. Kilio kilekile nilichokisikiliza mara tatu kwenye basi, ila safari hii hakikuwa cha furaha.

Hatukukata simu. Wanawake wawili, kila mmoja amemuuza mwanamke mwingine, bila kujua.

Shurie naye akarekodi ya pili. Tumezipeleka misikitini, makanisani, kwenye makundi ya Wakongo, ya Wakenya, kila pahala. Mpaka naandika haya wamenipigia wanawake sita. Watano walikuwa wameshachelewa. Wa sita alisema app ya benki ilikuwa wazi mkononi, kidole kiko juu ya kitufe, ndipo mdogo wake akamwekea sauti yetu.

Mmoja. Basi, nimemshukuru Mungu kwa huyo mmoja.

Niliyojifunza ni haya, na yamenigharimu sana.

Pesa yenye tarehe usiiweke kwenye kitu kisichojua tarehe yako. Bitcoin haijui kama mwezi wa nne una maombi. Hilo lilikuwa kosa la Haidari.

Kushuka si kuibiwa. Ukichanganya hivyo viwili kwa hofu, utakimbia hasara uingie kwenye wizi. Hilo lilikuwa kosa langu.

Na la mwisho: usimshukuru mtu kwa sauti yako kabla hujawa na chako chote mkononi. Sauti ikishatoka hairudi, na itakwenda kumgongea mlango mtu anayekuamini.

Kwa hiyo ukitumiwa sauti ya mwanamke wa Unguja anayesema amerudishiwa pesa zake na ziada juu, ujue huyo ni mimi.

Na sikurudishiwa kitu.